Mashine Ikikusikia Vibaya, Utajuaje?

Leo tunaongelea kitu ambacho mtu anaweza kusema haraka kwamba hakituhusu: zile spika za nyumbani zinazoongea. Unaiita kwa jina, unauliza, inakujibu. Kuna zile za sauti tu, na kuna zile zenye skrini, au kioo kama tunavyosema hapa, ambapo jibu unalisikia na pia unaliona. Watu wanabishana ipi ni bora. Na sisi wa kujitolea kwenye kituo cha vijana hapa Nakivale tumebishana, tena wiki nzima nzima, mpaka tukaona kwamba ubishi huu ni wetu kuliko unavyoonekana.

Tuseme mapema kwa nini. Maisha ya mkimbizi yana kusikilizwa kwingi sana. Unafika mpakani, unasikilizwa. Unaandikishwa, unasikilizwa. Kliniki, shule, polisi, mahojiano ya kupewa hadhi ya ukimbizi, mahojiano ya kupelekwa nchi ya tatu: kila mahali kuna mtu amekaa na kompyuta, wewe unaongea, yeye anaandika, na mara nyingi katikati yenu kuna mkalimani. Jina likiandikwa vibaya, mwaka wa kuzaliwa ukigeuka, idadi ya watoto ikipungua mmoja, siku hiyo wewe hujui. Unakuja kujua baada ya miaka miwili, pale mtu anapokuuliza mbona maneno yako ya leo hayafanani na ya zamani. Kwa hiyo sisi tukiona mashine inayosikiliza watu, hatuanzi na utamu wa sauti yake. Tunaanza na swali hili: ikinisikia vibaya, nitajuaje?

Kwanza tuelewane kuhusu vitu vyenyewe. Kampuni ya Amazon ilitangaza spika yake ya Echo mwezi wa 11 mwaka 2014. Ilikuwa kama kopo refu jeusi, haina kioo hata kidogo. Unaita Alexa, unaongea. Google ikafuata na Google Home mwaka 2016, nayo ya sauti tu. Wazo lilikuwa zuri: mikono ina unga, macho yako kwenye sufuria, mdomo uko huru, basi tumia mdomo. Lakini mwaka 2017 Amazon hao hao wakaleta Echo Show yenye kioo cha inchi 7, ikaanza kuuzwa dola 229.99. Mwaka 2018 Google nao wakaleta Home Hub, kioo cha inchi 7 vilevile. Yaani wale wale waliouza sauti peke yake ndio waliorudisha kioo mezani.

Sababu si ngumu. Neno la mdomo linapita. Ukiuliza ni saa ngapi, jibu ni moja, umesikia, limeisha. Ukiuliza orodha ya vitu 8, ukifika cha sita umeshasahau cha pili. Ramani haisemeki ikaeleweka. Namba ya simu ikitajwa haraka unabaki na nusu yake. Mambo ya namna hiyo yanataka jicho, na kila mtu anajua hivyo bila kusoma kitabu.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo watu hawaisemi sana, na ndiyo iliyotushika sisi. Ndani, spika hizi zote zinafanya kazi karibu namna moja. Maikrofoni inasubiri jina. Ikisikia jina, inachukua unachosema na kwa kawaida inakituma kwa intaneti mpaka kwenye kompyuta za kampuni huko mbali. Huko sauti inageuzwa kuwa maandishi, maandishi yanatafutiwa jibu, jibu linarudi. Mnaona hapo katikati? Kuna maandishi. Kila ukiongea na mashine hiyo, kuna sentensi imeandikwa mahali fulani inayosema: huyu mtu amesema hivi. Ile isiyo na kioo haikuonyeshi sentensi hiyo pale pale. Uitafute kwenye programu ya simu, kama unajua iko wapi. Ile yenye kioo mara nyingi inakuwekea mbele ya macho.

Sasa tuje kwetu. Spika hizi zilitufikia kwa njia ya kawaida ya vitu vya kambini: mtu alimaliza mkataba wake, akafunga mizigo, akaacha katoni. Ndani kulikuwa na nyaya, vitabu, na spika mbili, moja ya bila kioo na moja ya kioo. Za kampuni gani hatusemi, hatufanyi tangazo wala hatumchafui mtu. Kituo kina sola juu ya bati, na kuna kisanduku cha intaneti tunachokiwekea bando tukichangishana. Tukaziweka zote mbili kwenye meza moja, kila mtu ajaribu.

Wala moja haikujua Kiswahili. Wala Kinyarwanda, wala Kifulero, wala Kisomali, wala Kitigrinya. Kiingereza na Kifaransa, ndiyo. Basi waliosoma Kongo wakaiweka kwenye Kifaransa, waliosoma hapa Uganda wakairudisha kwenye Kiingereza, na wazee wakabaki wanatazama tu. Mzee mmoja aliuliza, "Hii mashini inasikiaka Kiswahili ya kwetu?" Tukamwambia hapana, Mzee, bado. Akasema, "Basi mungoje ikue kwanza," akaondoka zake.

Hatukuzitumia kwa mambo makubwa. Darasa la ushonaji waliomba muziki. Wanaojiandaa kwa mtihani wa sekondari waliomba wapimiwe muda wa kuandika insha. Hapo ndipo mambo yakaanza. Kijana mmoja aliyekulia Uvira, Kiingereza amekianzia hapa Uganda, aliiambia ile ya bila kioo imhesabie dakika kumi na tano. Alisema fiftini. Mashine ikasikia fifti. Ikamjibu kwa adabu kabisa kwamba imeweka dakika fifti, yaani hamsini, na yeye akasikia fiftini. Si uzembe wake. Sikio ambalo halijazoea kutenganisha maneno mawili wakati wa kuyasema, haliwezi kuyatenganisha wakati wa kuyasikia. Akaandika, akamaliza, akangoja kengele. Akangoja. Wenzake wakaanza kucheka.

Siku iliyofuata tukafanya hivyo hivyo kwenye ile ya kioo. Ikasikia fifti tena, kosa ni lile lile. Lakini kioo kikaandika 50:00 kwa namba kubwa. Kusoma hiyo hakuhitaji Kiingereza. Kijana akasema, "Ah, hapana bwana," akagusa, akarekebisha, akaendelea na insha yake.

Ubishi wetu ulibadilika hapo. Kabla ya hapo tulikuwa tunabishana kama kioo ni anasa, kama kinakula umeme, kama kinapendeza. Baada ya hapo swali likawa moja. Wako wanaosema: mashine ya sauti inarudia ulichosema, kwa hiyo kioo cha nini? Inarudia, ndiyo. Lakini inarudia kwa lugha ile ile iliyokushinda. Mtu anayejua Kiingereza vizuri atashika kosa kwa sikio. Mtu anayejifunza hatalishika. Na sisi karibu wote, popote tulipo, tunaongea kwa lugha tunayojifunza.

Na hili si la kambini tu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa uchunguzi kuhusu mifumo ya kusikia sauti ya kampuni 5: Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Waliijaribu kwa sauti za Wamarekani weusi na Wamarekani weupe. Kwa wastani mifumo ilikosea karibu maneno 35 kati ya 100 kwa weusi, na 19 kati ya 100 kwa weupe. Kumbukeni hao weusi ni watu wa kule kule, waliokulia ndani ya Kiingereza. Wamezaliwa nacho, na bado mashine inawakosea karibu mara mbili. Sasa mweke hapo mama wa Fizi, au Msomali aliyetoka Kismayo, au kijana wa Asmara mwenye miezi 6 ya darasa la Kiingereza.

Mtu atasema: ngojeni Kiswahili kifike, shida itaisha. Kiswahili kinakuja kweli. Mwaka 2017 Google iliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti, yaani unaongea na simu inaandika. Mwaka huo huo Mozilla ilianzisha mradi wa Common Voice, ambapo watu wa kawaida wanasoma sentensi kwa sauti zao, na watu wengine wanasikiliza na kuthibitisha kama sauti inalingana na maandishi. Kinyarwanda kimekusanya humo zaidi ya saa 2,000 za sauti, na Kiswahili nacho kimo. Hiyo ni kazi nzuri na tunawaomba vijana wanaoweza wajiunge.

Lakini Kiswahili kipi? Sisi tunasema fasi, kitabu kinasema mahali. Tunasema bintu, minatafuta, mutoto iko na homa. Kiswahili cha Bukavu hakilingani kabisa na cha Lubumbashi, na vyote havilingani na cha Dar es Salaam. Mashine iliyofundishwa kwa Kiswahili cha taarifa ya habari ikikutana na sisi itakosea, na itakosea kwa ujasiri, bila kusitasita. Kwa hiyo hata lugha yetu ikifika, swali la "nitajuaje" litabaki pale pale.

Tumeliona hilo kwenye simu. Mama mmoja alikuja kituoni tumwekee kwenye simu tarehe yake ya kurudi kliniki. Tukafungua kuandika kwa sauti kwa Kiswahili, tukamwambia, "Mama, sema mwenyewe." Akasema narudi tarehe kumi na tatu. Nje watoto wanapiga kelele, mvua inapiga bati. Simu ikaandika 15. Sisi tukiwa bado tunapanga maneno mengine, mama akaweka kidole kwenye kioo: "Watoto wangu, hii si kumi na tano? Miye nimesema kumi na tatu."

Huyo mama hasomi. Hajawahi kukaa darasani. Lakini namba anazijua zote: namba za noti, namba za simu ya binti yake, namba ya kadi ya familia, namba iliyochorwa kwenye ndoo anayochotea maji. Katika mikutano mingi tunasikia kwamba asiyesoma apewe sauti, kioo ni cha waliosoma. Mama amejibu hoja hiyo kwa kidole kimoja. Mtu anaweza asisome sentensi na bado akasoma tarehe, saa, kiasi cha pesa, picha ya kidonge, rangi nyekundu na rangi ya kijani. Na katika maisha yetu hapa, kosa linalouma mara nyingi liko kwenye namba. Ukikosa tarehe ya dawa umekosa dawa. Ukikosa siku ya mgao umepanga foleni ya bure.

Ndiyo maana tunalinganisha kioo na jambo moja ambalo wengi wenu mnalijua. Kwenye mahojiano ya ukimbizi yanayofanywa vizuri kuna kusomewa tena. Ulichosema kimeandikwa, mkalimani anakurudishia kwa lugha yako, na wewe unasema ndiyo, au unasema hapana, sikusema hivyo. Watu wengi wamechoka wanapofika hatua hiyo, wana njaa, wamelia, wanataka kutoka tu, wanasema ndiyo, ndiyo, ndiyo. Sisi tunawaambia kila mara: hapo ndipo usichoke. Maneno yako bado ni yako mpaka hapo. Ukitoka mlangoni ni ya faili. Kioo kwenye mashine ni kusomewa tena kwa kadiri mashine inavyoweza. Kinakuambia: nimesikia hivi, ni sawa?

Lakini tusidanganyane, kioo kina shida zake, na baadhi yetu hawakukubali mpaka leo.

Wa kwanza ni mwenzetu asiyeona. Yeye ni mtu wa redio, anazijua sauti za watangazaji wote kuliko sisi. Ile spika ya bila kioo aliipenda tangu siku ya kwanza: anauliza, anajibiwa, hamwombi mtu msaada. Alipokaa na ile ya kioo alikasirika. Alituambia hivi: "Hii mukiipa kioo inakuwa mvivu wa kusema. Naiuliza, inasema eti haya ndiyo niliyoyapata, kisha inanyamaza. Imeyapata wapi? Imeyaweka kwenye macho yenu." Tulijaribu na ni kweli. Ikiwa na kioo, kuna maswali inayafupisha mdomoni na mengine inayaacha kwenye kioo. Ile ya sauti tu inalazimika kusema yote kwa sababu haina pa kuyaweka. Hoja yake haina jibu, isipokuwa kwamba mtengenezaji afanye kazi yake vizuri: kioo kiongeze, kisipunguze sauti.

Upande wa pili kuna dada mmoja wa darasa la ushonaji, yeye hasikii. Kwake spika ya sauti tu ni tofali lenye taa. Ile ya kioo angalau anagusa, anaona, anapata video yenye maandishi chini. Tukiwaweka hawa wawili meza moja na kuuliza ipi ni bora, kila mmoja ana haki kamili, na kura hata moja haiwezi kumaliza jambo hilo. Atakayeleta kifaa kimoja cha watu wote awakumbuke wote wawili.

Kuna jambo la siri. Nyumba zetu mnazijua: chumba kimoja, pazia katikati, ukuta wa udongo au karatasi ya plastiki, jirani anasikia ukikohoa. Sasa spika ya sauti tu inataka useme swali lako kwa sauti na inakujibu kwa sauti. Msichana anayetaka kuuliza kuhusu siku zake zilizochelewa atauliza vipi? Mtu anayetaka kujua kesi yake imefika wapi? Mwanamke aliyefanyiwa ukatili njiani? Hao hawataongea na spika mbele ya wakwe na majirani. Kioo cha kugusa kinawapa njia ya kuuliza kimya kimya. Lakini kioo hicho hicho kikiwa ukutani na kila mtu anakiona, ujumbe ukitokea umetokea kwa wote. Kwa hiyo kioo kinatunza siri pale tu unapoweza kukigeuza, kukifunika, au kukishika mkononi. Simu ina faida hiyo. Kioo cha mezani hakina.

Na kuna kamera. Baadhi ya spika zenye kioo zina kamera, nyingine hazina. Ile Home Hub ya 2018 haikuwa nayo, na Echo Show ilikuwa nayo tangu mwanzo. Yetu ilikuwa nayo. Kati ya watu wanaokuja kituoni wako waliokimbia kwa sababu mtu fulani alijua nyumba yao ilipo. Huwezi kumwambia mtu kama huyo, "Usiogope, haikurekodi." Tulibandika karatasi ngumu juu ya kamera siku ile ile, na tukawaonyesha wote. Kuhusu maikrofoni tulisema wazi: zote mbili zinayo, ya kioo na ya bila kioo, na zote mbili zinasubiri jina. Usiipotaka isikie, chomoa waya. Kuwa na kioo au kutokuwa nacho hakubadilishi hilo, na mtu asiwadanganye kwamba ile ndogo ya duara haisikilizi kwa sababu haina jicho.

Halafu umeme na pesa. Kioo kinakula zaidi. Mvua ikinyesha siku mbili, sola inalegea, na sisi tunachagua: kioo, au chaji za simu za watu 6. Tunachagua simu. Na bei nayo: Amazon ilipotoa spika ndogo ya Echo Dot mwaka 2018 ilikuwa dola 49.99, na kioo kidogo cha Echo Show 5 mwaka 2019 kilikuwa dola 89.99. Tofauti ni dola 40. Kwa mtu wa Ulaya huenda ni chakula cha jioni hotelini. Kwetu ni mtaji wa kuuza nyanya.

Tumewauliza pia ndugu zetu waliokwenda Marekani, maana huko vitu hivi viko majumbani. Bibi ya mmoja wetu anaishi huko na wajukuu. Wajukuu wanaamrisha muziki na taa kwa Kiingereza, mashine inawatii. Bibi akisema neno, mashine inasema haikuelewa. Ile ya kwanza ya bila kioo, kwake ilikuwa mgeni sebuleni anayeongea na watoto tu, yeye mwenye nyumba hasalimiwi. Walipoleta ya kioo jambo moja lilibadilika. Picha ya mwanawe aliyebaki huku inatokea kwenye kioo, Bibi anagusa, inaita, wanaonana. Hakuna Kiingereza hapo. Kwake kioo ni cha kugusa, na kidole hakina lafudhi.

Basi msimamo wetu ni upi? Mkituuliza kwa mkato, tunasema kioo ni bora, na tunasema sababu: mtu anayeongea kwa lugha ambayo si yake, au kwa namna ya lugha ambayo mashine haikufundishwa, anahitaji kuona alivyoeleweka kabla jambo halijafanyika. Hiyo ndiyo faida moja ya kioo ambayo hatukuipata mahali pengine. Mapishi, video, picha za maua, hayo ni mazuri, lakini mtu anaweza kuishi bila hayo.

Lakini tunaongeza neno. Tunachotetea ni kurudishiwa maneno yako, na kioo ni njia moja ya kurudishiwa. Ipo nyingine. Hapa Uganda kuna laini ya bure ya wakimbizi, ile ya FRRM, ambako unapiga simu na mtu anapokea. Ni sauti tu, haina kioo. Ila mtu wa laini akikuambia kwa Kiswahili, "Mama, umesema kadi imepotea, na mko watu 7 nyumbani, ndiyo?" basi kazi ya kioo imefanyika bila kioo. Mashine ya sauti nayo inaweza kufundishwa hivyo: irudie kwa lugha ya aliyeongea, polepole, namba moja moja, na ingoje ndiyo kabla ya kuandika. Ikifanya hivyo, mwenzetu asiyeona atakuwa na haki sawa na mama wa tarehe 13.

Tunasema haya sasa kwa sababu tunaona mambo yanakoelekea. Pesa za misaada zinapungua, watumishi wanapungua, na kila mahali kuna mazungumzo ya kuweka mashine zijibu maswali ya watu. Ndugu wa mashirika, hatukatai. Foleni ni ndefu na mashine haichoki. Tunaomba tu kabla hamjaleta mfikirie haya. Mashine iseme na ionyeshe kwa pamoja, isichague moja. Tarehe, saa na pesa zitokee kwa namba kubwa, pamoja na picha, kwa sababu wasiosoma wanazijua. Irudishe ilichosikia kabla ya kuhifadhi. Iwekwe mahali ambapo mtu anaweza kuuliza bila jirani kusikia. Ijaribiwe kwanza na watu wanaosema fasi na bintu, siyo na sisi vijana wa sekondari tu. Na pembeni abaki mtu, hata mmoja, ambaye anaweza kuambiwa, "Mashine imenisikia vibaya," na akawa na uwezo wa kubadilisha.

Spika zetu mbili bado zipo. Ile ya bila kioo imekaa upande wa redio, mwenzetu asiyeona ndiye msimamizi wake, na akiwa hayupo inachomolewa. Ile ya kioo iko kwenye chumba cha kusomea, kamera imebandikwa karatasi, inahesabu dakika za insha. Siku za mvua zote mbili zinalala.

Na kwa ninyi vijana wenzetu, mwende kwa mashine au mwende kwa mtu mwenye kompyuta, kabla hamjainuka kwenye kiti ulizeni swali hili, kwa heshima lakini bila kuona haya: umeandika nini? Mkiambiwa hakuna muda, ulizeni tena. Wazazi wetu wengi hawakujua kwamba wanaruhusiwa kuuliza. Sisi tunajua, kwa hiyo tuwaulizie na wao.

Sisi wa kituo cha vijana, Nakivale.